Kitongoji cha stesheni au jirani yake wa mbele: kipi kinafaa kununua nyumba?

Vitongoji viwili vinavyopakana kwenye njia moja ya treni ya kwenda mjini, kimoja cha stesheni na kingine mbele yake, mbali zaidi na mji, huonekana mapacha kwenye ramani. Kinachovitenganisha ni asubuhi. Pima safari mlango hadi mlango, siku ya kazi, saa ileile utakayotoka, ukihesabu kutembea na kusubiri. Dakika 15 za ziada kila upande, kwa siku 220 za kazi, ni saa 110 kwa mwaka. Ila umbali hausemi yote. Kitongoji cha mbali kikiwa ndicho mwanzo wa njia, utapata kiti. Cha karibu hupokea mabehewa yaliyokwisha kujaa. Ulizia pia treni ya mwisho usiku.

Bei ikiwa chini upande mmoja, tafuta sababu. Nenda baada ya mvua kubwa. Chunguza kuta za nje usawa wa goti: mstari wa tope, rangi iliyovimba, au ukanda uliopakwa upya peke yake huweza kuonyesha kwamba maji ya mafuriko hufika hapo. Fungua bomba la ghorofa ya juu saa moja asubuhi, watu wakioga. Presha ya saa nane mchana haikuambii kitu, na madalali wanalijua hilo vizuri.

Tunakipa cha stesheni nyota nne, jirani yake tatu. Nyumba iliyo karibu na usafiri, hata ikiwa ndogo, kwa kawaida huuzika upesi, mradi haijabanana na reli. Cha mbali kinamfaa anayeingia ofisini siku mbili tu kwa wiki.