Dola 25 kwa maneno manne ya Kihispania: nawapa nyota 4

Naanza na hela maana najua ndo mnachotaka kujua. Dola 25. Maneno manne, "las soledades del despoblado", kutoka Kihispania kwenda Kiingereza. Hawa jamaa wa tafsiri za mtandaoni wana bei ya kuanzia kwa kila oda, ulete maneno 4 ulete 250 ni ile ile, na hawakwambii mpaka ufike pale pa kulipia, hapo ndo nyota ya tano ilipoondokea.

Mimi kazi yangu ni kuweka sabtaito kwenye video za watu. Hii ilikuwa ya jangwa la kaskazini mwa Chile, kuna sehemu kamera inapita Humberstone, ule mji wa wachimba nitreti uliobaki mahame tangu 1960 hivi, inapita juu ya bwawa la kuogelea la chuma halina tone la maji, halafu mzee anayesimulia anayatamka hayo maneno manne taratibu, kimya. Programu ya bure ikanipa "the loneliness of the depopulated", yaani kama kuna watu wamefurushwa makwao sasa wamekaa wanajihurumia. Nikasema hii nikiipeleka kwa mteja sipewi kazi tena.

Oda ikarudi kesho yake: "the emptiness of the desert", yaani utupu wa jangwa. Sio kosa, ila imepoa. Soledades iko kwenye wingi jamani, sio upweke mmoja wa moyoni, ni upweke wa mahali na mahali, unavuka huu unaukuta mwingine mbele, na wao wameufyeka wote. Nikairudisha, marekebisho ya kwanza ni bure.

Safari hii nikapewa mfasiri mwingine na huyu anajua kazi. Hakutafsiri kwanza, aliuliza: kwenye skripti, despoblado imeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo? Mimi muda wote nafanyia kazi sauti, na herufi kubwa haisikiki! Akanieleza kwamba enzi za utawala wa Wahispania, Despoblado de Atacama lilikuwa jina kabisa la jangwa lile, Pedro de Valdivia alilikatiza 1540 akitokea Peru, kwa hiyo kama ni jina tunaliacha lilivyo. Nikamuuliza mteja, akasema ndogo. Basi, akasema mfasiri, ni nchi isiyo na watu, na si lazima watu wawe waliwahi kuwepo, akaleta "the solitudes of this unpeopled land". Herufi 36 ukihesabu na nafasi, mstari wangu wa sabtaito unabeba 42. Hiyo "solitudes" ina harufu ya vitabu vya kale, nilisita, nikaiweka chini ya sauti ya yule mzee nikaicheza mara tatu, ikakaa.

Ingekuwa kwenda Kiswahili nisingetoa hata senti, "ukiwa wa nyika" nakwenda kulala, maana ukiwa ni wa mahali na wa mtu humo humo.

Nikawaandikia kastama kea kwamba oda zangu zijazo wampe yule wa pili, wakajibu kuchagua mfasiri ni kifurushi cha juu. Nilipoona bei yake nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.