Kozi ya Kituruki kwa video: viambishi vya nomino vimefundishwa vizuri, ila bado kuna pengo

Mzigo wangu wa nguo naufuata Laleli, Istanbul, na nilikuwa nimechoka kupatana bei kwa kikokotoo. Ndiyo maana nikalipia kozi hii. Ngazi ya kwanza nimeimaliza, naipa nyota nne.

Sura ya nomino ndiyo bora kuliko zote. Mwalimu hakutumwagia majedwali. Alianza na ev, nyumba, akawa anaongeza kiambishi kimoja kimoja: evler, nyumba nyingi, evlerimiz, nyumba zetu, evlerimizden, kutoka kwenye nyumba zetu. Wingi kwanza, kisha mwenye mali, kisha hali (kama hiyo ya "kutoka"), na mpangilio huo haubadiliki. Sisi tunaosema "hawatanipigia" kwa pumzi moja hatuogopi neno refu. Hata oğlum, "mwanangu", iliniingia mara moja. "Nyumbani" yetu inatosha kwa kuwepo, kwenda na kutoka. Waturuki wanaigawa: evde, eve, evden. Irabu nazo zinafuatana, ya kiambishi ikiifuata ya neno, hivyo -de ya evde inakuwa -da kwenye okul, shule: shuleni ni okulda.

Nilichokosa ni maelezo yanayomfaa Mswahili. Kitap okudum ni kusoma kitabu chochote, na kitabı okudum ni kitabu kinachojulikana. Mwalimu alihangaika nalo kipindi kizima kwa mifano ya Kiingereza, wakati sisi tayari tunatofautisha "nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu".

Pengo kubwa liko kwenye "-ake". Evi ni nyumba yake, lakini nyumbani kwake ni evinde, yenye n katikati, na evinde hiyohiyo yaweza kuwa nyumbani kwako. Muktadha ndio unaoamua. Jambo zito hivi limepewa video moja fupi, bila zoezi hata moja! Dukani ndiyo lugha yenyewe: gömleğin fiyatı, bei ya shati. Shati linatangulia na kubeba kiambishi chake, bei inafuata na kubeba cha kwake, na k ya gömlek inageuka ğ. Usipolizoea umbo hilo, muuzaji akitaja kitu na bei yake utashika nusu tu.

Anayekwenda kusoma Uturuki ainunue bila wasiwasi, muda wa kuzoea atakuwa nao. Mfanyabiashara mwenzangu, ongezea vipindi vichache na mwalimu wa ana kwa ana, na umwambie mapema kwamba unataka umiliki wa nafsi ya tatu na bei za bidhaa.