Simu ya vitufe ya dola 12: maoni ya mama mshonaji

Kama una kijana nyumbani asiyelala kwa sababu ya simu, nunua hii ya vitufe. Ila fungua menyu yake kabla hujatoa pesa.

Nimeichukua soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, dola 12 baada ya kubishana sana. Laini mbili, tochi, redio, basi. Muuzaji alianza kwa kunionyesha nyingine yenye Facebook ndani, akidhani ananifurahisha. Ziko za namna hiyo, kwa hiyo vitufe peke yake visikudanganye. Binti yangu ana miaka 15. Alipoiona alisema: "Mama, hii ni simu ya bankambo!" Yaani ya mababu.

Acha aseme. Likizo kubwa hii alikuwa anashinda kwenye video, na usiku taa ya simu inaonekana chini ya shuka. Lakini kilichonisukuma ni nguo. Nilimshonea gauni la kitenge, mtindo kachagua mwenyewe, mikono imevimba mabegani. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni. Jioni akawa anahesabu laiki na kulinganisha na za wenzake wa darasa. Kesho yake akanijia: mama, bana kiuno. Nikabana. Mara mikono ni mikubwa, ifumue. Gauni lilimkaa vizuri kabisa, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nisingeshindwa kuona kasoro. Sasa halivai tena.

Aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa onyo mwaka 2023: vijana wanaopita saa 3 kwa siku kwenye mitandao hatari yao ya kupata dalili za huzuni na wasiwasi ni maradufu. Hakusema kila mtoto ataugua. Alisema hatuwezi kuhesabu mitandao hiyo kuwa salama kwao. Mwaka huohuo TikTok ilitangaza kikomo cha dakika 60 kwa walio chini ya miaka 18. Zikiisha, kijana mwenyewe anaandika namba ya siri na kuendelea. Ni kumpa paka ufunguo wa kabati la samaki. Ndiyo maana mimi nimebadilisha simu yenyewe.

Mwanzoni alinuna kweli. Akikaa, kidole gumba kinapanda juu ya kioo chenyewe, kama kinasukuma video, na kioo hakisikii kidole. Nilicheka kimoyomoyo, halafu nikamwonea huruma. Usingizi ndio uliorudi kwanza. Hasira za asubuhi zikapungua, akaanza kuomba chakula kabla sijamwita. Marafiki zake, kwa kuwa hawampati kwenye mitandao, wanapiga au wanakuja, wanakaa na mimi chumba cha kushonea na kunimalizia maji ya kunywa. Na kuandika ujumbe! Herufi "s" ni kubonyeza 7 mara nne. Hakuna anayegombana na mtu kwa simu ya namna hii, utachoka kabla hujamaliza tusi.

Betri ndiyo sifa yake kubwa kwangu: umeme ukatike hata siku nzima, simu inaita tu. Redio haishiki bila kuchomeka waya za masikioni, na simu haikuja nazo. Kitufe cha 5 kimeanza kukwama mapema mno. Matangazo ya shule yanapitia WhatsApp, kwa hiyo nimeingia mimi kwenye kundi la darasa lao, naye anasoma kwenye simu yangu jioni, ameketi pembeni ya mashine ninaposhona. Jumamosi mchana namrudishia simu yake kubwa, jioni inarudi kwenye droo. Tumekubaliana hivyo, sikumnyang'anya. Ukinyang'anya atatumia ya rafiki yake.

Neno moja kwa wazazi: kama mtoto hali chakula, anajifungia, au anazungumzia kufa, achana na habari za simu, mpeleke kwa daktari. Hapa Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain kinahudumia wagonjwa wa akili, na kwenda huko si aibu.

Nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki nimeikata kwa ajili ya kile kitufe, kwa sababu namba yangu mimi ina 5 mbili na binti ameshaanza kuniambia kwamba ndiyo maana hapigi.