Jenereta, sola, umeme wa nguzo: nimetumia vyote, betri ndo inakula hela

Jenereta ndo rahisi kuanza nayo, unainunua leo na usiku unawasha, ila gharama yake haiko dukani iko kwenye dumu la mafuta, uwashe taa tatu uwashe na friji inakunywa tu, alafu bado oili, plagi, filta. Ilinichosha.

Nikahamia sola na hapa someni vizuri jamani. Paneli sio tatizo, nyingi zinakuja na waranti ya uzalishaji wa umeme ya miaka 25. Hela inaliwa na betri. Fundi wa kwanza aliniwekea betri ya asidi ya volti 12, 200Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), ukipiga hesabu 12 mara 200 ni wati-saa 2400, yaani uniti 2.4, nikafurahi, kumbe betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, yaani kiukweli nilikuwa na uniti 1.2 tu! Hakuna aliyeniambia. Usiku friji ikishtuka kuwaka taa zinafifia, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani) inaanza kulia pi pi pi, hata miaka miwili haikufika betri ikafa, nafungua vifuniko nakuta maji yamekauka mpaka bamba za ndani zinaonekana na kwenye teminali umeota unga wa kijani.

Sasa hivi niko na lithiamu, ile aina inayoandikwa LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfeti). Bei ya kununua inauma, sikatai, ila unatumia asilimia 80 mpaka 90 ya chaji yake bila kuiumiza, na inachajiwa maelfu ya mara wakati ile ya asidi ukiitumia kwa nguvu inaishia kwenye mamia. Chukua bei ya betri gawanya kwa uniti zote itakazokupa mpaka ichoke, ile ya bei rahisi ndo utaona inavyokutoa hela nyingi zaidi.

Umeme wa nguzo, kama nguzo iko hapo mlangoni na haukatiki hovyo, vuta tu, kwa unafuu wa gharama ya kuanzia sola haiufikii. Ukiwa mbali ndo balaa, unajikuta unalipia nguzo baada ya nguzo na waya wake, saa nyingine mpaka transfoma, hapo sola inashinda. Waya za ndani, soketi na swichi usizitie kwenye huu ulinganisho, utazilipia tu kokote umeme utakakotoka.

Lithiamu naipa nyota 5. Pasi lakini siiwashi usiku, ile peke yake inavuta wati 1000 na zaidi, nguo napiga saa sita mchana jua likiwa kali, paneli zinaibeba zenyewe na betri haiguswi.