Semina ya wazazi wanaolea peke yao: thamani ya elfu kumi yangu

Nililipa elfu kumi: chai, chakula cha mchana na daftari. Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, ukumbi wa parokia moja hapa Mwanza. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina binti wa miaka saba. Baba yake sijui aliko na sijamtafuta.

Mwanzo ulinikera. Mwezeshaji wa kwanza, mama wa makamo mwenye kitenge kizuri, alitupanga: wajane mbele, "na wengine" nyuma. Wengine ndio sisi tusioolewa. Dada mmoja wa Igoma akaninong'oneza, "Kumbe hata huku kuna daraja la tatu, kama melini?" Saa nzima tukahubiriwa uzuri wa ndoa, utadhani tulikuja kuupinga.

Kilichonifidia ni padre. Binti yangu alichelewa kubatizwa mwaka na nusu, maana katekista wa kigango fulani alishikilia nimlete baba kwanza. Padre akafungua Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 868: mtoto abatizwe kwa ridhaa ya wazazi, au walau mmoja wao, na pawe na tumaini kwamba atalelewa katika imani. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi lakini sikuandika kitu.

Ndipo maswali yakafunguka. Mmoja akauliza kuhusu Komunyo, sauti chini kabisa. Padre akasema Desemba 2023 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mafundisho ya imani ilimwandikia askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika, ambako akina mama wa namna yetu walikuwa wanaogopa kukomunika kwa ukali wa mapadre na wa viongozi wa jumuiya. Kuzaa nje ya ndoa si kufuli la maisha. Mama aliyekwisha kuungama asimame kwenye mstari kama wenzake. Akasoma pia Amoris Laetitia, waraka wa Papa Fransisko kuhusu familia, 2016, namba 252: mzazi anayelea peke yake, kwa sababu yoyote ile, atiwe moyo na kusaidiwa na familia nyingine na parokia. Alipofika "familia nyingine" akamtazama yule mama wa kitenge.

Chakula: sato wa kukaanga na ugali, hakuna neno. Watoto waliwekwa chekechea na sista mmoja tu, masikini. Wangu alirudi na kandambili za mwenzake. Wanaume walikuwa wawili. Mmoja ni bodaboda, anamsuka bintiye mwenyewe, akatuonyesha picha. Mistari imenyooka kuliko ninayosuka mimi.

Ningewapa nyota tano, nawapa tatu, kwa sababu ya tarehe. Waliiweka siku za giza. Mtu yeyote wa ziwani anajua: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa na mitumbwi inalala, giza likirudi, ndipo hela inarudi. Wenzangu wanne, wote wanalea peke yao, siku hiyo walikuwa wanaanika. Mimi nilikwenda kwa kumwachia mdogo wangu ndoo sita, na akauza kwa bei ya hasara.

Nimemtumia katibu wa parokia ujumbe kwamba ya pili iwekwe kwenye mbalamwezi. Amejibu kwa upole: kalenda ilishapangwa toka Januari.