Kipimo cha serotonini kwenye damu: kinafaa wapi, kinapoteza hela wapi

Kama umeshauriwa kukifanya kwa sababu ya sonona, okoa hela yako. Serotonini ni kemikali ya mwili inayohusishwa na hali ya moyo, lakini ile ya kwenye damu hutoka karibu yote utumboni na haipenyi kuingia ubongoni, kwa hiyo majibu hayasemi lolote kuhusu mambo ya kichwani. Anayemeza fluoxetine au sertraline, dawa za sonona, atakuta kiwango kimeshuka sana, maana dawa hizo huzuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, kuinyonya. Asishtuke: ndiyo kazi ya dawa hizo.

Kinakofaa ni kwenye kusaka uvimbe wa karsinoidi, aina ya uvimbe unaoweza kumwaga serotonini kwenye damu, hasa wa utumbo mdogo uliokwisha kufika ini: kuharisha kusikokoma, joto la ghafla usoni, kifua kubana. Hata hapo huanza kipimo cha mkojo wa saa 24, kinachotafuta 5-HIAA, yaani mabaki ya serotonini. Cha damu ni msaidizi, pale majibu ya mkojo yanapokuwa ya mpakani.

Maabara nzuri utaijua kwa inavyoshika sampuli. Karibu serotonini yote ya damu imo ndani ya chembe sahani, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Sampuli ya damu nzima huchukuliwa kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, ikahamishiwa kwenye kichupa chenye vitamini C ya kuizuia isioksidike, kisha ikawekwa kwenye friza igande kama barafu. Ikiyeyuka njiani, namba hushuka. Ikipimwa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, damu iachwe igande kabisa kwanza. Ukiharakisha kuizungusha kwenye mashine, serotonini hubaki ndani ya chembe. Plazima, yaani majimaji ya damu isiyoganda yaliyotenganishwa na chembe, ndiyo yenye hila kuliko zote: chembe chache zikipasuka, majibu hupanda bila ugonjwa wowote.

Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha damu nzima karibu nanogramu 50 hadi 200 kwa mililita, lakini soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako. Dai pia hesabu ya chembe sahani ya siku hiyohiyo. Zikiwa pungufu, serotonini nayo itaonekana pungufu.

Kwa kipimo cha mkojo, acha ndizi, nanasi, nyanya, parachichi na kiwi siku 3 kabla na wakati wa kukusanya. Ndizi za kupika zina serotonini nyingi hata kuliko mbivu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, ndipo uanze kuhesabu saa. Na asidi iliyo ndani ya dumu usiimwage, imewekwa makusudi.