avr-gcc kwenye karakana ya Katwe: nimeipenda, ila ina visa vyake

Natengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga hapa Katwe, Kampala. Majirani wanachomelea mabati, mimi naweka bodi ndogo yenye ATmega328P, chipu ya jamii ya AVR, inayoshikilia joto la nyuzi 37.5 kwa siku zote 21. Programu niliyoirithi kwa fundi aliyenitangulia ilikuwa asembli tupu, yaani amri za chipu zilizoandikwa moja moja kwa mkono. Sasa karibu yote ni C, inapitia kwenye kompaila ya avr-gcc, inayoigeuza kuwa amri za chipu.

Bei yake ni bure. Kwenye Ubuntu unaweka gcc-avr, binutils-avr na avr-libc, na laptop kuukuu inatosha.

Mafundi wengi wataniambia C ni nzito. Mara nyingi walichojaribu ni digitalWrite ya Arduino (mfumo rahisi wa kuprogramu bodi kama hizi), ambayo kweli inakula makumi ya mapigo ya saa ya chipu kuwasha pini moja. Sasa andika PORTB |= (1 << 5), ipitishe na swichi ya -Os, inayoiambia kompaila ifupishe programu, kisha fungua kilichotoka kwa avr-objdump -d, inayoonyesha amri za asembli. Utakuta sbi 0x05, 5. Amri moja, mapigo mawili. Kwa mkono ningeandika hiyohiyo.

Na haraka yenyewe ni ya nini? Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo wimbi linapita kwenye sifuri kila milisekunde 10. Chipu ikienda kwa MHz 16, hapo katikati kuna mapigo 160,000. Kusoma thamista (kihisi cha joto), kupiga hesabu na kuamua triaki (swichi ya kielektroniki ya umeme) iwake lini ni kazi ndogo sana ndani ya muda huo. Yai halina habari kama umebana mapigo kumi.

Asembli nimeibakiza sehemu moja tu: pete ya taa za WS2812 inayoonyesha siku. Biti moja ya taa hizo ina mikrosekunde 1.25, yaani mapigo 20, na taa inatofautisha sifuri na moja kwa muda ambao waya unakaa juu. Kompaila haikuahidi muda. Badilisha toleo au swichi, amri zinapangwa upya. Kwa hiyo kuna faili moja fupi, interapti (vikatizo vinavyoisimamisha programu kwa muda ili kazi nyingine ipite) zimefungwa, kila amri imehesabiwa.

Kwingineko sitaki kurudi. Ile programu ya zamani ilikuwa na interapti iliyotumia rejista ya r16 (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya chipu) bila kuhifadhi kwanza kilichokuwemo, na joto kwenye skrini lilikuwa linaruka bila sababu, tena si kila siku. Kero kama hiyo inaweza kukukalisha usiku kucha. avr-gcc inahifadhi rejista na SREG (rejista ya hali ya chipu) yenyewe, haichoki wala haisahau.

Chipu zilipoadimika duniani mwaka 2021 ndipo C ilipolipa. Nilihamia STM32F103, ambayo ni ARM kabisa, jamii nyingine ya chipu. Mafaili ya kudhibiti joto na kuhesabu siku yalihama yalivyo. Niliandika upya yanayogusa pini, na pia lile la taa, maana asembli ya AVR kule haina hata mstari wa kuokoa. Tahadhari moja: int, aina ya kawaida ya namba nzima katika C, ni biti 16 kwenye AVR na 32 kwenye ARM. Andika uint16_t waziwazi, la sivyo kihesabu ulichotegemea kirudi sifuri baada ya 65,535 kitaendelea kupanda.

Kijana ninayemfundisha ameshaongeza mpangilio wa mayai ya bata, siku 28, bila kuniuliza rejista ipi inabeba nini.

Visa vyake sasa. Ukiweka kitanzi kitupu cha kusubirisha, -Os inakifuta chote kimyakimya, tumia _delay_ms. Ujumbe wake wa makosa ni mrefu, na kosa lenyewe mara nyingi liko mstari wa juu yake. Halafu matoleo ya zamani yanasukuma r0 na r1 kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda) katika kila interapti hata pasipo haja. Kwa interapti ya mistari miwili, hapo fundi wa asembli bado anaishinda.